Kumfunza Mbwa wa Nyumbani kwa Tuzo Badala ya Fimbo

Katika kata ya Majengo mjini Sumbawanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za uwanda wa juu wa Ufipa, mbwa ni mlinzi wa nyumba. Katika usiku wa baridi kali wa Juni na Julai, wenyeji wakiwa wamejifunika mablanketi, yeye hukesha uani akilinda mbuzi, kuku na ghala la mahindi. Lakini ipo siku moja katika mwaka ambayo mlinzi huyu huwashinda wenye nyumba. Siku hiyo ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto aliyetumwa kumpeleka kwa afisa mifugo akitoa kamba, mbwa hukimbia. Akishikwa kwa nguvu, huuma. Mara nyingi mwisho wake ni mtoto kubaki na jeraha, na mbwa kubaki bila chanjo.

Jambo hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, na kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna tiba. Kinga iliyo bora ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wakichanjwa 70 katika kila 100, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuwaingia, na mnyororo wa maambukizo hukatika.

Kwa hiyo, mbwa anayekubali kushikwa ni kinga kwa mtaa mzima. Swali ni hili: mbwa huyo hupatikana kwa njia gani?

Mnyama hujifunzaje?

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alitangaza matokeo ya majaribio aliyofanya kwa paka. Alimfungia paka mwenye njaa ndani ya sanduku lenye komeo, na nje akaweka chakula. Paka alihangaika huku na huku mpaka kwa bahati akaligusa komeo na mlango ukafunguka. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kuhangaika ulipungua, mpaka hatimaye akawa anakwenda kwenye komeo moja kwa moja. Kutokana na hayo Thorndike alieleza kanuni ya matokeo: kitendo kinachofuatwa na jambo la kupendeza huelekea kurudiwa.

Katika miaka hiyo hiyo, Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, aligundua jambo jingine. Mbwa aliyesikia sauti fulani kila mara kabla ya kulishwa, baadaye alidondosha mate kwa kuisikia sauti ile tu. Sauti ambayo mwanzoni haikuwa na maana ilikuwa imegeuka ishara ya chakula.

Elimu yote ya kumfunza mbwa imesimama juu ya nguzo hizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mbwa hurudia kitendo kilichomletea faida. Ya pili ni kwamba huunganisha mambo yanayotokea pamoja, yawe ya furaha au ya hofu. Mkono unaoleta chakula huwa ishara ya chakula. Mkono unaoleta fimbo huwa ishara ya maumivu.

Somo kutoka Morogoro

Mfano mzuri wa kanuni hizi uko hapa hapa Tanzania. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilileta kazi yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, mwaka 2000. Hapo panya buku hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi.

Mafunzo huanza kwa jambo jepesi. Mkufunzi hubonyeza kidude kinachotoa mlio wa "tik", kisha humpa panya kipande cha ndizi au chakula kingine. Panya akishajua kwamba mlio huo ni ahadi ya chakula, hutakiwa kuupata kwa kazi: akinusa harufu ya baruti, husikia "tik" na kulipwa, akinusa kitu kingine, hapati kitu. Hakuna fimbo katika kazi hii, wala fimbo isingefaa, kwa kuwa hakuna awezaye kumlazimisha mnyama kunusa kwa makini.

Panya mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amekwisha gundua mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya milipuko zaidi ya 100. Ikiwa panya wa porini aweza kufikia ustadi huo kwa vipande vya ndizi, mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hashindwi kujifunza kusimama atulie.

Kwa nini fimbo hushindwa

Watu wengi husema kwamba mbwa asiyepigwa hana adabu. Ni kweli kwamba kipigo huweza kukizima kitendo kwa wakati ule. Lakini kipigo hakimwonyeshi mbwa la kufanya badala yake, na huleta madhara ya pili, yaani hofu. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili tu, kukimbia au kuuma. Aliyefungwa kamba amenyimwa ile ya kwanza.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwahoji watu waliopeleka mbwa wao kutibiwa matatizo ya tabia. Kati ya waliosema wamewahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walieleza kwamba mbwa alijibu kwa ukali. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichunguza mbwa 92 katika shule za mafunzo. Wale waliofunzwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na kiasi cha kotisoli, homoni inayoongezeka mwili unapokuwa katika shida, kilipanda zaidi katika mate yao baada ya mafunzo.

Kosa lililo la kawaida zaidi ni adhabu iliyochelewa. Mbwa ameiba nyama asubuhi, mwenye nyumba amerudi mchana akampiga, na mbwa anainamisha kichwa. Watu husema, "Anajua kosa lake." Lakini mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba sura hiyo ya "hatia" hutokana na karipio la mwenye mbwa, wala si kosa. Hata mbwa asiyekula kitu huinama akikaripiwa. Alichojifunza mbwa yule ni kwamba mwenye nyumba akirudi mchana, kuna hatari.

Je, mbwa anayetendewa wema atapoteza ukali wa ulinzi? La. Kubwekea mgeni ni sehemu ya maumbile ya mbwa. Mbwa aliyefungiwa bandani tangu utoto ili awe mkali hawezi kupambanua mwizi na mtoto wa jirani. Anawaogopa wote, na mtoto wa jirani ndiye anayepita karibu kila siku. Umri wa wiki 3 hadi 14 ndio ambao mbwa hujifunza nani na nini si cha kuogopwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Hatua za mafunzo

Vifaa ni vichache: kamba laini na dagaa wakavu, ambao hupatikana kwa urahisi Sumbawanga kutoka Ziwa Tanganyika. Kila dagaa avunjwe vipande vidogo kama punje ya mahindi. Mafunzo yafanyike kabla ya mlo, kwa dakika 5 tu, mara 2 au 3 kwa siku.

Kwanza, lichaguliwe neno moja fupi la sifa, kwa mfano "Vema". Neno litamkwe, kisha kipande kitolewe mara moja. Baada ya siku chache "Vema" litakuwa kwa mbwa kama mlio wa "tik" kwa panya buku.

Pili, afunzwe kukaa. Dagaa ashikwe mbele ya pua, kisha asogezwe polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Kichwa kikiinuka kumfuata, makalio hushuka yenyewe. Yanapogusa ardhi, "Vema" lisemwe papo hapo, kwani tuzo ikichelewa hata sekunde chache, mbwa atakuwa amekwisha fanya jambo jingine na ndilo litakalolipwa. Akishaelewa kitendo, ndipo amri "Kaa" iongezwe.

Tatu, azoezwe kuguswa. Aguswe begani, apewe tuzo. Siku nyingine ashikwe sikio, mguu, kisha ngozi ya shingo. Kamba iwekwe shingoni kwa muda mfupi huku akila, bila kuvutwa. Mwishowe ngozi ya bega ifinywe kidogo sana, kama sindano itakavyofanya, huku mtu mwingine anayemfahamu amesimama karibu. Akikakamaa, akigeuza uso, akilamba midomo au akirudisha masikio nyuma, hatua imekwenda mbio. Irudiwe ile iliyotangulia.

Mbwa akishaimudu amri, tuzo ya chakula ipunguzwe na kutolewa mara moja moja. Majaribio ya B. F. Skinner wa Marekani yalionyesha kwamba tabia inayolipwa mara moja moja hudumu zaidi kuliko ile inayolipwa kila mara.

Makosa ya kuepukwa

Amri iwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "Kaa", watoto "Keti" na bibi akatumia Kifipa, mbwa amepewa masomo matatu badala ya moja. Tena, mbwa asiitwe "Njoo" kisha akapigwa, maana ataacha kuja. Na asiadhibiwe kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyenyimwa onyo huuma kimya.

Tahadhari

Mafunzo haya ni kwa mbwa wa nyumbani anayefahamika. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayeuma ovyo, anayedondosha mate mengi, anayeyumba au asiyeweza kumeza, asikaribiwe, na afisa mifugo aarifiwe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Jaribio kwa wanafunzi

Mwanafunzi mwenye mbwa mpole nyumbani, kwa idhini ya mzazi, amfunze "Kaa" kwa siku 7. Kila siku atoe amri mara 10 na kuandika mbwa alitii mara ngapi kwa amri ya kwanza. Matokeo yachorwe katika grafu, siku zikiwa katika mhimili wa mlalo na idadi ya kutii katika mhimili wa wima. Kisha darasa lijadili:

1. Je, grafu inapanda sawasawa kila siku, au kuna siku iliposhuka? Sababu yaweza kuwa nini?
2. Kama tuzo ingetolewa dakika moja baada ya mbwa kukaa, grafu ingekuwaje? Eleza kwa kanuni ya Thorndike.
3. Mbwa anayejificha kila aonapo kamba amejifunza nini, na nani aliyemfunza?
4. Kama katika mtaa wenye mbwa 200 wamechanjwa 90 tu, ni wangapi zaidi wanaopaswa kuchanjwa ili kufikia kiwango cha asilimia 70?