Ni Nani Aliyetuma Radi?



Jioni moja tuliitwa kwenye matanga katika vilima vya Kisii. Kijana wa watu alikuwa amepigwa na radi, saa tisa alasiri, chini ya mkaratusi alikokimbilia kujikinga na mvua. Tulikuta vilio, lakini nyuma ya vilio kulikuwa na minong'ono. Ng'ambo ya shamba aliishi mama mmoja mjane, mwenye ugomvi wa mpaka na jamaa ya marehemu. Ilisemwa kwamba ndiye aliyetuma radi, na vijana walikwisha kuokota mawe. Tuliketi na wazee mpaka usiku wa manane, na tuliyowaambia ndiyo tunayotaka kuwaelezeni leo.

Katika nchi yetu radi ni nyingi sana upande wa magharibi: Kisii, Nyamira, Nandi, Kakamega. Sababu si uchawi wa watu wa huko. Sababu ni ziwa. Jua likichomoza, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa ya nchi kavu ikiisha kupata joto huwa nyepesi, hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Upepo huo hupanda vilima na kukutana na upepo utokao mashariki. Hapo hauna pa kwenda ila juu. Unyevu wake hugeuka wingu, na wingu hukua mpaka kupita kilomita kumi kwenda juu. Ifikapo saa nane au saa tisa, mlioanika nguo mwajua wenyewe. (Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huteremkia ziwani kutoka pande zote, na dhoruba huwakuta wavuvi majini kabla ya mapambazuko.)

Sasa umeme watoka wapi? Kule juu ni baridi kupita kiasi, ijapokuwa huku chini twatoka jasho. Maji huganda kuwa chembe za barafu. Chembe ndogo hupeperushwa kwenda juu, na punje nzito, ndugu za mvua ya mawe, huanguka. Zikigongana hupokonyana umeme, kama tunavyovua sweta ya nailoni gizani tukasikia ta-ta-ta. Chembe ndogo hupeleka umeme wa aina moja kileleni, na punje nzito hubaki na wa aina nyingine tumboni mwa wingu. Huo wa tumboni huvutana na ardhi iliyo chini yake. Hewa huzuia kwa muda, kisha hushindwa.

Hapo mstari wa umeme hushuka hatua kwa hatua, ukipapasa njia kama kipofu na fimbo yake. Kutoka chini, vitu virefu hutoa vicheche vya kuulaki: mti, mnara wa kanisa, mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Kicheche cha kwanza kuufikia ndicho kinachouonyesha njia. Hewa ya njia hiyo hupata joto la nyuzi kama 30,000, kupita uso wa jua mara tano, nayo hupasuka. Hiyo ndiyo ngurumo.

Tuliwauliza wazee, "Mti mrefu kupita yote katika kilima hiki ni upi?" Wakajibu, "Ni huo huo." Lakini mzee mmoja hakuridhika. "Pasta, mbona mwaka juzi ng'ombe walikufa bila kugusa mti?" Swali zuri. Umeme ukifika kwenye shina hauishii hapo, hutambaa ardhini. Miguu ya ng'ombe ya mbele na ya nyuma imeachana, basi umeme huingia kwa huu na kutokea kwa ule, ukipitia moyoni.

Mwaka 2011, nchini Uganda, radi iliwaua watoto 18 katika shule ya msingi ya Runyanya. Ni jirani gani angaliwachukia watoto 18 kwa siku moja? Bwana Yesu naye alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao.

Ukiona mweko, hesabu: kila sekunde tatu mpaka ngurumo ni kama kilomita moja. Ikiwa hujafika 30, ingia katika nyumba imara au gari lenye paa la chuma, ukae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kibanda cha nyasi hakitoshi, na mti ni mbaya zaidi. Nguo nyekundu na kioo havina hatia.

Jambo moja lilituuma. Kijana yule aliachwa nyasini karibu saa nzima, watu wakiogopa kumgusa, wakisema radi bado imo mwilini. Haimo. Aliyepigwa aweza kuguswa papo hapo. Ikiwa hapumui, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kukoma, apuliziwe na pumzi, huku wengine wakitafuta gari la hospitali. Wengi wapigwao na radi hupona.

Mama wa marehemu alituuliza, "Kumbe angaliweza kupona?" Hatukujua la kumjibu. Kulipokucha, mjane yule ndiye aliyeleta kuni za kuwapikia waombolezaji, na hakuna aliyemzuia mlangoni.