Nyamapori Mezani: Mwongozo kwa Mlaji Aliyehamia Kilosa na Mikumi

Kilosa na Mikumi hupokea wageni wengi: watumishi wa umma wanaohamishiwa wilayani, vibarua wa mashamba ya mkonge na miwa, na wafanyabiashara wanaofuata reli na barabara kuu. Wengi wao hukuta jambo wasilolizoea. Makazi yanapakana na pori, na nyama ya swala, pongo, ngiri au nyati huweza kufika mlangoni, ama kwa kuuzwa kwa siri, ama kwa zawadi ya jirani mwema. Makala haya yanaeleza mlaji afanye nini nyama hiyo inapofika.

Desturi na sheria

Wasagara, Wavidunda na Wakaguru waliwinda katika milima na nyika hizi tangu kale, kabla serikali ya kikoloni ya Wajerumani haijatoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Mawindo yaligawanywa kwa ndugu na majirani, na moyo huo wa kugawana ungali hai. Kilichobadilika ni sheria. Mwaka 1964 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na ndani yake uwindaji hauruhusiwi. Nje ya hifadhi, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Swala aliyeingia shambani mwako hageuki kuwa wako.

Kosa ni kupatikana nayo

Nyama, ngozi, pembe na mifupa ya mnyamapori huitwa nyara za serikali. Si lazima uwe umeua mnyama ndipo ushtakiwe. Kupatikana na nyara bila kibali ni kosa linalojitegemea. Mashauri ya namna hii huendeshwa kama makosa ya uhujumu uchumi, na mahakama zimewahi kutoa vifungo vya miaka 20. Kusema "nimepewa tu" hakugeuki kuwa kibali. Vipande vichache vilivyokaushwa juu ya meko vyaweza kuigharimu familia mlezi wake.

Hatari kwa afya

Nyama ya magendo haijapita mbele ya mkaguzi. Mnyama aweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaompata binadamu anapochuna, anapokatakata au anapokula nyama ya mnyama mgonjwa. Vimelea vyake hustahimili joto, hivyo kuchemsha kwa muda mfupi si kinga. Mnyama aliyekutwa amekufa asiguswe kabisa.

Namna halali ya kununua

Tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha maalumu ya nyamapori. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo matatu:

1. Bucha lina leseni ya kuuza nyamapori, na imewekwa mahali panapoonekana.
2. Nyama imekaguliwa, na muuzaji anataja wazi ni ya mnyama gani na imetoka wapi.
3. Unapewa stakabadhi. Itunze hadi nyama iishe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako.

Nyama inayouzwa usiku, kwenye ndoo au kiroba, na muuzaji asiyetaka kutaja jina la mnyama, haifai kununuliwa kwa bei yoyote. Kadhalika, leseni ya kuwinda peke yake haimpi mwindaji ruhusa ya kuuza.

Mnyama aliyegongwa barabarani

Barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita 50, na wanyama hugongwa na magari. Nyama ya mnyama aliyegongwa nayo ni nyara ya serikali. Dereva na abiria watoe taarifa kwa askari wa hifadhi, wala wasipakie chochote.

Kukataa bila kuvunja ujirani

Mgeni huona aibu kurudisha zawadi ya mzee. Pokea salamu, usipokee nyama. Waweza kusema: "Ahsante sana, baba. Kwangu kitoweo kisichokaguliwa hakiingii, lakini karibu tule pamoja." Siku nyingine mpelekee sukari au kuku. Wenyeji huelewa, kwani hata miongoni mwao zipo koo zenye mwiko wa kula wanyama fulani, na anayeshika mwiko wake haonekani mwenye kiburi.

Ukialikwa kuwinda, uliza kwanza leseni iliyotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mitanzi, mashimo na sumu ni marufuku. Mnyama akiharibu mazao, usimuue ili ujilipe kwa nyama yake. Toa taarifa mapema katika ofisi ya kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ili madai ya kifuta jasho yaandikwe kwa utaratibu.