MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga walituachia msemo ambao huutamka mlangoni, huku tukitandika mkeka ili mtu apate pa kukaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huuchukua msemo huu kuwa ni adabu tu ya kumkaribisha mtu. Lakini wahenga hawakusema kwamba mgeni ndiye apone; walisema mwenyeji. Leo tumekusudia kuupima msemo huo kwa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, nao ni mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa njia ya intaneti, wenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, ambao uhai wake umetegemea sana namna anavyopokewa mtu anayeingia kwa mara ya kwanza.

Tunatambua kwamba wapo watakaouliza gazeti la wananchi lina shughuli gani na michezo ya vijana. Jawabu letu ni fupi. Vijana wetu wa mjini na wa shamba wanayo michezo ya namna hii katika simu zao, na kila jambo linalochukua saa za kijana linastahiki kuangaliwa na wakubwa. Aidha, mchezo tunaouzungumzia umetungwa na watu wa kisiwani kama sisi.

Aisilandi ni kisiwa cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Watu wake hawafiki laki nne, hali Zanzibar, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni 1.8. Mwaka 1997 kampuni iitwayo CCP ilianzishwa mjini Reykjavík kwa nia ya kutengeneza mchezo wa intaneti. Waasisi wake hawakuwa na mtaji wa kutosha, kwa hivyo walianza kwa kutunga mchezo wa kuchezwa mezani, Hættuspil, uliouzwa mwaka 1998, na mapato yake yakawasaidia kuendelea na kazi waliyoikusudia. Tarehe 6 Mei 2003 mchezo wenyewe, EVE Online, ulifunguliwa kwa watu wote.

Katika mchezo huu mtu hujivika nafsi ya nahodha wa chombo cha angani. Ipo mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na wachezaji wa karibu dunia nzima, isipokuwa wale wa China wenye ulimwengu wao mbali, wamo pamoja mahali pamoja. Humo watu huchimba madini, huunda vyombo, hufanya biashara, huanzisha mashirika na miungano, na hupigana. Chombo kikivunjwa kimevunjwa. Mwenyewe hana budi kutafuta chengine. Mnamo mwezi wa Januari 2014 palitokea vita katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB, ambamo zaidi ya wachezaji 7,000 walishiriki. Vyombo 75 vya daraja la Titan, vilivyo vikubwa kupita vyote, viliangamia kwa siku moja, na hasara ilikisiwa kuwa zaidi ya dola 300,000 za Marekani. Habari za vita hivyo zilienea duniani, na watu wengi waliozisikia walitaka kuonja utamu wake.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mgeni anayevutwa na sifa za vita vikubwa hupewa chombo kidogo, na mbele yake hupata kioo kilichojaa orodha, tarakimu na alama asizozijua. Miongoni mwa wachezaji umeenea mchoro wa dhihaka unaolinganisha ugumu wa kujifunza michezo mbalimbali: mengine yote imechorwa kama vilima vya kupandika, na EVE imechorwa kama jabali lililosimama wima, na watu wakiporomoka kutoka juu yake. Wakongwe huucheka mchoro huo kwa majivuno. Lakini ni dhahiri kwamba anayeporomoka hacheki, na mara nyingi harudi tena.

Liko na jambo la pili, zito kuliko hilo. Katika mchezo huu ujuzi wa nahodha huongezeka kwa kupita kwa saa na siku za kweli, hata mwenyewe akiwa amelala kitandani. Kwa hivyo aliyeanza mwaka 2003 na akaendelea bila ya kuacha amemtangulia mgeni wa leo kwa zaidi ya miaka ishirini ya ujuzi. Mgeni hupiga hesabu, akaona kwamba hata akikesha hatawafikia, akajiuliza faida ya kuanza ni ipi. Swali hilo si la uvivu. Ni swali la haki, na kila jambo kongwe lazima liwe na jawabu lake.

Wenye mchezo hawakukaa kimya. Zamani palikuwapo ujuzi wa aina ya pekee ambao kazi yake haikuwa kuendesha chombo wala kupigana, bali ilikuwa kuharakisha kujifunza ujuzi mwengine. Mgeni alishauriwa atumie majuma mengi akijifunza namna ya kujifunza, kabla hajafanya jambo lolote la maana. Mwishoni mwa mwaka 2010 ujuzi huo ulifutwa. Tungependa watumishi wa Serikali wausome mfano huu mara mbili. Katika ofisi nyingi ipo fomu ambayo kazi yake ni kumwezesha mtu kupata fomu nyengine, na aliyeiweka hapo ameshastaafu. Lakini mwananchi mgeni huikuta kila asubuhi.

Mwezi wa Novemba 2016 mlango ulifunguliwa zaidi: mtu akaweza kucheza bila ya malipo, ingawa kwa mipaka. Mafunzo ya mwanzo nayo yametungwa upya zaidi ya mara moja. Iko pia sheria inayostahiki kusifiwa. Katika mchezo huu udanganyifu na uvamizi ni mambo yanayoruhusiwa, lakini katika mifumo ya nyota wanamoanzia wageni ni marufuku kuwahadaa na kuwasumbua. Kwa maneno mengine, hata katika ulimwengu wa maharamia, pamewekwa gati moja ambayo anayeteremka hanyang'anywi mzigo wake kabla hajajua anakokwenda.

Mapema mwaka huo huo wa 2016 ilikuwa imeletwa dawa nyengine, nayo ni kuruhusu ujuzi wa nahodha mmoja utolewe, uuzwe na kutiwa kwa nahodha mwengine. Mgeni hupata sehemu kubwa zaidi ya anachokinunua kuliko mkongwe, na kwa upande huo hatuna ugomvi na waliobuni utaratibu huo. Lakini tunasema wazi kwamba fedha inaweza kumnunulia mgeni ujuzi wa nahodha, haiwezi kumnunulia akili ya kuutumia, wala rafiki wa kumwita chombo chake kinapoungua. Mtu aliyenunua jahazi hajawa nahodha kwa kununua.

Dawa iliyotusisimua zaidi haikutoka kwa kampuni. Imetoka kwa wachezaji wenyewe. Mwaka 2004, mchezo ukiwa haujafika hata miaka miwili, wachezaji walianzisha shirika waliloliita EVE University, ambalo kazi yake ni kufundisha. Walimu wake ni wachezaji wanaojitolea. Wanatoa masomo, wanawachukua wageni katika misafara, na wameandika maktaba kubwa ya maelezo ambayo hata wasio wanachama huisoma. Mwaka 2013 likatokea kundi la Brave Newbies, ambalo halikumwambia mgeni asubiri mpaka aive; lilimchukua jinsi alivyo na kumpeleka vitani, ashindwe pamoja na wenziwe na acheke pamoja nao. Wako pia wachezaji wanaoisaidia kampuni kwa kujitolea, wakijibu maswali ya wageni katika ukumbi wa mazungumzo uliowekwa kwa ajili hiyo.

Makundi haya yaligundua kwamba lile jabali lina njia ya pembeni. Ni kweli kwamba mgeni hawezi kumfikia mkongwe kwa jumla ya ujuzi. Lakini kila chombo hutumia ujuzi wa aina chache tu, na vyombo vidogo huhitaji mdogo. Mgeni wa siku chache, akiwa na chombo chepesi chenye kifaa cha kumzuia adui asiruke kukimbia, anaweza kulishikilia jitu kubwa mpaka wakubwa wakafika kulimaliza. Huenda akavunjwa yeye kwanza. Thamani ya chombo chake ni ndogo, na shirika humpa chengine. Lakini bila yake adui angelikwisha kwenda zake. Kazi hiyo si ya kumliwaza mtoto. Ni kazi ya kweli, na wakongwe wanaihitaji.

Tunaamini kwamba hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mgeni habaki kwa sababu amerahisishiwa. Anabaki kwa sababu amepewa kazi ya kweli na mtu wa kumwita kwa jina. Mwaka 2015 watengenezaji wa mchezo walieleza kwamba, walipowachunguza makumi ya maelfu ya wageni, waliona kuwa wale waliovunjiwa vyombo na wachezaji wengine mapema walielekea kubaki kuliko wale ambao hawakuguswa na mtu yeyote. Wengi walistaajabu, kwa kuwa walidhani kupigwa ndiko kunakowafukuza wageni. Sisi hatustaajabu sana. Aliyepigwa amekutana na binaadamu: amepata hasira, amepata kisa cha kusimulia, na pengine aliyempiga amemwandikia kumweleza alipokosea. Asiyeguswa amekaa peke yake na mashine, na upweke ndio uliomtoa.

Isije ikafahamika kwamba tunawatetea wanaowaonea wanyonge. La hasha. Wako wakongwe wasemao, "Sisi tuliteseka, na wao wateseke." Hiyo si hoja, ni kisasi anacholipizwa asiyehusika. Na wako wengine wasemao kwamba kila lililo gumu liondolewe ili mgeni afurahi. Hao nao wamekosea, kwani mgeni alikuja kwa ajili ya jabali lenyewe. Ukilisawazisha, hakuna tena cha kumleta. Ugumu wa mchezo uachwe. Kinachopasa kuondolewa ni ugumu wa mlango, yaani maneno yasiyoelezwa, muda unaopotezwa bila ya faida na kukosa wa kuuliza.

Tangu mwaka 2008 wachezaji wa EVE huchagua baraza lao, ambalo hushauriana na watengenezaji, na wajumbe wake wamekuwa wakisafiri hadi Aisilandi kwa mikutano. Ni utaratibu mzuri, nasi tunaupongeza. Lakini unatukumbusha hatari inayovikabili vikao vyote duniani, pamoja na vyetu. Anayechaguliwa ni yule anayejulikana, na anayejulikana ni mkongwe. Mgeni aliyevunjika moyo siku ya tatu hapigi kura wala haandiki malalamiko. Anazima kompyuta yake, basi. Kwa hivyo kiongozi anayesubiri malalamiko ndipo ajue kwamba mlango wake umeharibika atasubiri sana. Hana budi kutoka ofisini, akasimama nje pamoja na wageni, akauangalia mlango kwa macho yao.

Mambo haya si mageni kwetu. Sisi tuliosoma vyuoni tunakumbuka kwamba mwalimu alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi. Aliyekwisha kuivuka juzuu ya Amma ndiye aliyekaa na yule aliyekuwa bado kwenye alifu na be, akimwongoza herufi moja baada ya nyengine. Mdogo alijifunza, na mkubwa naye akayathibitisha aliyoyajua, maana hakuna anayejua jambo mpaka amfundishe mwenziwe. Kadhalika bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, halikufika mikononi mwetu kwa kitabu. Limefika kwa sababu mzee barazani alikubali kumsogeza kijana karibu, akamwonyesha nyumba ni ipi na kwa nini isivunjwe ovyo, kisha akampa zamu ya kucheza wakati mabingwa wamekwenda kusali. Pale ambapo mzee alisema, "Mtoto usiguse kete," baraza limebaki na wazee, na wazee wanapungua.

Basi wito wetu ni huu. Wakuu wa ofisi waanze kwa kuipita milango yao wenyewe kama wapitavyo wananchi, wakafute kila hatua isiyokuwa na faida. Mabaraza ya bao, vikundi vya taarab na vyama vya ushirika vimpe mwanagenzi kazi ya kweli tangu siku ya kwanza, hata ikiwa ndogo, na kila mmoja awe na mkubwa wake wa kumwongoza. Na vijana wetu wanaojifunza kutengeneza michezo ya kompyuta wajue kwamba watu wa kisiwa kidogo cha wavuvi wameweza, na kwamba watakapotunga mchezo wao, wafikirie kwanza saa ya kwanza ya mgeni kabla ya vita vya mabingwa.

Mgeni akigeuka mlangoni, amepoteza jioni moja tu, na pahala pengine pa kwenda hakosi. Mwenyeji ndiye aliyepoteza mrithi wake.