Simbilisi wa Geto: Pumba Peke Yake Haitoshi

Mwaka jana shangazi yangu wa Tukuyu alinipa simbilisi watatu na sungura mmoja. "Nenda nao chuoni, wakikushinda utawala," akaniambia huku anacheka. Kwake simbilisi wanaishi jikoni, wanapita miguuni mwa watu, na kila jioni mtoto anatumwa kuwakatia majani. Mimi nikawatengenezea banda la mbao nyuma ya geto letu hapa Mbeya.

Mvua zilipokata, majani ya jirani yakakauka. Boom nalo lilikuwa halijatoka. Nikanunua pumba za mahindi, nikawa nawamwagia kila asubuhi nikiwahi kipindi. Wanakula, wanashiba, nikajua mambo safi. Baada ya kama wiki tatu mmoja akawa hataki kutembea. Ukimshika miguu analia. Siku chache baadaye nikamkuta amekufa, na mwenzake fizi zinavuja damu. Nikampigia shangazi. "Unawapa nini?" Pumba. "Na majani?" Nikanyamaza.

Ule ulikuwa ugonjwa wa kiseyeye. Mwili wa simbilisi, kama wa kwetu binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo lazima aipate kwenye chakula kila siku. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakapata kiseyeye; wakiongezewa vyakula vibichi kama kabichi, ugonjwa ulizuilika. Yaani mimi nilirudia jaribio lao zaidi ya miaka 100 baadaye, bila hata kujua kama nafanya jaribio. Shangazi hajawahi kusikia habari za Holst, ila majani ya kila jioni yalikuwa yanamaliza kazi.

Sungura wangu hakuugua, maana sungura vitamini C anajitengenezea mwenyewe. Lakini naye ana masharti. Meno ya wanyama hawa wote wawili hayaachi kukua maisha yao yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi. Tumbo lao nalo linataka nyuzinyuzi muda wote. Sungura hawezi kutapika. Akikaa siku nzima bila kula, usisubiri kesho, mtafute daktari wa mifugo. Ukimwona anakula kinyesi chake laini, usishtuke. Ndivyo anavyopata virutubisho vilivyobaki.

Basi uwalishe nini? Sehemu kubwa kabisa iwe nyasi, mbichi au kavu, na zisikosekane bandani usiku na mchana. Juu yake ongeza mboga za majani kiasi, mfano sukuma wiki au majani ya karoti. Simbilisi mpe kila siku kipande cha pilipili hoho au cha pera, maana vyote vina vitamini C nyingi. Karoti yenyewe ina sukari, ichukulie kama pipi. Pumba iwe kiganja tu, siyo mlo. Maji safi yawepo muda wote.

Nyanda za Juu Kusini tuna mitego yetu. Parachichi zimejaa kuanzia Rungwe mpaka Njombe, lakini tunda na majani yake ni sumu kwa wanyama hawa. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya usiwape pia, hata mkulima akikugawia bure. Majani ya pembeni ya shamba lililopigwa dawa yaache hapohapo.

Na kiangazi? Hapo ndipo wengi tunapokwama, iwe Mbeya au Iringa. Mvua zikielekea kuisha, mwezi wa nne au wa tano, kata nyasi zikiwa bado laini, zianike siku mbili tatu ukizigeuzageuza, kisha zihifadhi kwenye kiroba mahali pakavu penye hewa. Zikiota ukungu, tupa. Ila kumbuka nyasi kavu zinapoteza vitamini C, kwa hiyo hoho ya simbilisi haina likizo. Sokoni jioni, wauza mboga huwa wanabaki na majani ya pembeni. Omba kwa adabu, utapewa.

Wawili waliobaki walipona, na sasa wana watoto wanne. Shangazi ameulizia kama wamenishinda. Nimemwambia bado.