Kifaransa chetu na Kifaransa cha Ufaransa: mashauri kwa wanaosafiri

Watu wa makanisa yetu wanaendelea kusafiri kwenda Ufaransa: mmoja anaitwa kwenye mkutano, mwingine anaenda kusoma, mwingine anamtembelea binti yake aliyeolewa huko. Wakati wa kuaga wengi wanasema: "Lugha si tatizo, Kifaransa tunakijua." Sisi pia tulisema hivyo tulipotumwa huko watu wanne, wachungaji wawili na akina mama wawili. Tulirudi na mafundisho ambayo tunapenda kuwagawia. Moja kati yake linatuuma hata leo.

Maneno yaleyale, maana nyingine

Kifaransa cha shule zetu kilitufikia kupitia Wabelgiji. Ndiyo sababu tunasema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90. Ufaransa wanasema *soixante-dix*, yaani sitini na kumi, na *quatre-vingt-dix*, yaani ishirini mara nne na kumi. Darasani hakuna asiyejua hilo. Lakini kule namba za simu zinatajwa mbilimbili, tena kwa haraka. Mwenyeji wetu alipotaja 78 (*soixante-dix-huit*), ndugu mmoja aliandika 60, kisha 18. Tulipiga simu mara tatu bila kupata mtu. Baadaye tulihesabu tarakimu, tukakuta ni 12, na namba ya Ufaransa ina 10. Tangu siku ile, kila namba tuliomba iandikwe: *Pouvez-vous l'écrire, s'il vous plaît ?*

Chakula nacho kilitufundisha. Wengi wetu tumezoea kuita *dîner* chakula cha mchana na *souper* cha jioni. Ufaransa, cha mchana ni *déjeuner*, na *dîner* ni cha jioni. Familia moja ilitualika *dîner*, nasi tukabisha hodi saa sita ya mchana, wakati mama wa nyumba bado yuko kazini.

Majina ya mahali pia yanaweza kukupoteza. Tulikuwa tunakwenda Lyon. Kwenye uwanja wa ndege wa Charles-de-Gaulle tuliona kibao kimeandikwa *Gare de Lyon*, nusura tufuate njia hiyo tukidhani tutafika. Kumbe *Gare de Lyon* ni stesheni ya mjini Paris, iliyopewa jina hilo kwa sababu treni za kwenda upande wa Lyon zinaanzia pale. Tiketi zetu zilikuwa za treni inayoondokea palepale uwanjani, na stesheni ya kushukia ilikuwa *Lyon Part-Dieu*. Basi soma tiketi yote, siyo jina la mji peke yake. Angalia na saa: 14h05 ni saa nane na dakika tano ya mchana kwa Kiswahili, na milango ya treni za mwendo kasi inafungwa dakika 2 kabla ya kuondoka.

Na ukitafuta mahali pa kuabudu, ujue kwamba ukiuliza *église* wengi watakuonyesha kanisa la Wakatoliki. Nyumba ya ibada ya Waprotestanti kule mara nyingi inaitwa *temple*, na ibada inaitwa *culte*.

Salamu kwanza

Kwetu huwezi kumfikia mzee na kuanza kuuliza njia bila salamu. Lakini mgeni mwenye wasiwasi husahau adabu yake mwenyewe. Ufaransa, ukimwendea muuza tiketi au muuza mkate na kuanza moja kwa moja na swali, anakuona huna heshima, hata kama Kifaransa chako ni safi. Anza na *Bonjour madame* au *Bonjour monsieur*, ngoja akuitikie, halafu uliza. Tumia *vous*, usitumie *tu* kwa mtu usiyemjua. Na usimwite mtu wa mbali *papa* au *maman* kama tunavyofanya hapa kwa heshima, kwa maana kule majina hayo ni ya wazazi tu.

"Oui" ya haya

Sasa tufike kwenye lile linalotuuma. Mmoja wa akina mama tuliosafiri nao ana ugonjwa wa sukari. Kifaransa chake ni kidogo. Kiswahili chake ni kizuri kuliko chetu, na anapoomba kanisa zima linanyamaza. Siku ya tatu alijisikia vibaya, tukampeleka hospitali. Muuguzi alimwuliza maswali mengi, naye akajibu yote *oui*. Swali moja lilikuwa: *Êtes-vous à jeun ?* Maana yake: hujala kitu tangu asubuhi? Akajibu *oui*. Damu ikapimwa, sukari ikaonekana juu sana, wakaanza kuzungumza juu ya kumwongezea dawa. Tulipomwuliza kwa Kiswahili alisema: "Nilikunywa chai yenye sukari na nilikula mkate." Tukamweleza daktari, kipimo kikangojewa hadi kesho yake. Dawa haikuongezwa.

Jioni tulimwuliza kwa upole: "Mama, kwa nini hukusema kwamba hukuelewa?" Akajibu: "Jana nilipozungumza mezani, ninyi wachungaji mlicheka." Ni kweli, tulicheka Kifaransa chake. Hatukukusudia kumwumiza, lakini kicheko chetu ndicho kilichomfunga mdomo mbele ya muuguzi. Tulimwomba msamaha usiku uleule, naye akatusamehe. Toka hapo tukaelewa kwamba hatari kubwa safarini haikuwa Kifaransa cha Wafaransa, ilikuwa haya tuliyomtia mwenzetu.

Kwa hiyo, msafiri, ushike neno hili kuliko mengine yote: *Je n'ai pas compris*, sikuelewa. Kuuliza si ujinga. Sema vilevile: *Plus lentement, s'il vous plaît*, polepole tafadhali. Usijibu *oui* kwa swali usilolielewa, na usitie sahihi karatasi ambayo hujaelezwa.

Mambo ya kutayarisha nyumbani

Kabla ya kuondoka, mwombe muuguzi wako akuandikie kwa Kifaransa kikaratasi chenye magonjwa yako, majina ya dawa zako na kipimo chake. Upande wa pili andika jina, anwani na simu ya mwenyeji wako. Ukitembee nacho, usikiache ndani ya sanduku.

Mpakani askari anaweza kukuuliza sababu ya safari (*motif du séjour*), mahali utakapolala (*hébergement*), tiketi ya kurudi na bima, ambayo kwa viza ya Schengen inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Jibu kwa ufupi na kwa kweli. Akikuzuia, una haki ya kuelezwa katika lugha unayoielewa. Kiswahili ni lugha. Omba mkalimani (*interprète*) bila kuona haya.

Weka kichwani namba hizi: 15 kwa daktari wa haraka, 17 kwa polisi, 18 kwa zimamoto, na 112 kwa msaada wowote. Programu ya kutafsiri kwenye simu inasaidia dukani na njiani. Usiitegemee kwa kipimo cha dawa wala kwa karatasi ya kutia sahihi. Na mgonjwa achague mwenyewe nani amtafsirie, maana kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mchungaji wake.

Na hapa kwetu?

Tuliporudi, mkutano wa kwanza tulioketi ulikuwa na ripoti ya fedha iliyosomwa kwa Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee na akina mama waliokuwa nyuma walitikisa kichwa: *oui*. Tuliitambua ile *oui*. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 14 anafundisha kwamba watu wawili wasioelewana lugha wanakuwa wageni mmoja kwa mwenzake. Basi inawezekana kuwa mgeni bila pasipoti, ndani ya kanisa ulilojenga kwa mikono yako.

Tulisimamisha kikao, ripoti ikasomwa upya kwa Kiswahili. Maswali yalikuwa mengi, na mama wa kwanza kuuliza alikuwa yule tuliyesafiri naye.

Bwana awalinde wote wanaosafiri, na atufundishe sisi tunaobaki kungojana katika lugha.