Msimbo Usiopatikana Huandikwa Upya

Mteja mmoja huandika namba yake 0712, mwingine +255712, wa tatu huanza na 712 tu. Mfumo wowote wa malipo kwa simu nchini Tanzania hauna budi kuzileta namba hizo kwenye sura moja. Ni kazi ya mistari kumi hivi ya msimbo. Katika kikosi kimoja nilichofanya nacho kazi, tuliikuta imeandikwa mara nne, na watu wanne wanaokaa chumba kimoja. Hitilafu ilipogunduliwa katika nakala moja ilirekebishwa humo humo. Zile tatu zikaendelea kukataa namba halali.

Tusikimbilie kuwaita wazembe. Nakala ya kwanza ilipewa jina "safisha2", ikatupwa kwenye folda ya mchanganyiko. Anayetafuta hutafuta kwa jina la shida yake: simu, namba, 255. Maneno hayo hayakuwamo popote, kwa kuwa hakuna aliyeandika maelezo.

Shida hii ni kongwe. Kompyuta ya EDSAC ilianza kazi Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1949, na vipande vya msimbo vya kutumiwa tena vilitobolewa kwenye tepu za karatasi na kupangwa kwa aina ya kazi. Kufikia 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vipande 87. David Wheeler, mmoja wa waasisi wake, alieleza mwaka 1952 kwamba kipande kikishaandikwa na kujaribiwa, hubaki kukieleza ili asiyejua undani wake aweze kukitumia, na kwamba huenda hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Maelezo mazuri hayahitaji kurasa. Yataje kipande kinafanya nini, kinapokea nini, kinarudisha nini, na mfano mmoja wa matumizi. Zaidi ya yote, yataje mipaka. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka sekunde kama 40 baada ya kuwashwa. Programu yake ya kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi wa ulalo. Namba ya mwendo ilizidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Wachunguzi walibaini kwamba sababu ya kuiacha namba hiyo bila kinga haikuandikwa ndani ya msimbo wenyewe.

Kwa hiyo weka maelezo juu ya msimbo wenyewe, ili anayebadilisha kimoja akione na kingine. Kikosi kiwe na ukurasa mmoja wa faharasa, na anayekagua kazi ya mwenzake aulize kwanza: hiki hatunacho tayari?

Nawe, kabla ya kufungua faili jipya, tafuta kwa dakika tano. Usipopata, andika msimbo wako, kisha weka kwenye maelezo yake yale yale maneno uliyotafutia ukakosa. Atakayekuja baada yako atatafuta kwa hayo hayo.