Usikubali Kukatwa Kauli Kazini

JE, umewahi kutoa wazo zuri katika mkutano wa ofisini likapita kama upepo, kisha dakika tano baadaye mwanamume akalirudia neno kwa neno na mkutano mzima ukampigia makofi? Ama umeanza tu kueleza hesabu ulizozifanya wiki nzima, mkubwa wako akakudakiza na kukufundisha kazi yako mwenyewe, tena polepole kana kwamba wewe ni mtoto wa chekechea?

Ikiwa jibu lako ni ndiyo, hauko peke yako. Kuanzia karani hadi daktari, mwalimu hadi wakili, wanawake wengi hulalamikia jambo hili. Taabu ni kwamba hulalamika jikoni na ndani ya matatu, mahali ambapo wahusika hawasikii.

Kuna wanaosema hili ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Anayesikika mkutanoni ndiye anayekumbukwa wakati wa kupandishwa vyeo. Wazo lako likiandikwa kwa jina la mwingine, nyongeza ya mshahara nayo huenda ikamfuata huyo mwingine, ilhali karo ya watoto wako haipungui.

Pima kwanza

Kabla hujakasirika, chunguza. Wapo wakubwa wanaomdakiza kila mtu, awe mwanamume au mwanamke. Huyo hajui kusikiliza, wala hana kisa nawe. Lakini akiwaacha wanaume wamalize kisha akukate wewe. Akimwita mwenzako "Bwana Mhandisi" nawe mwenye shahada hiyo hiyo akuite "msichana wetu". Na ikiwa katika kila mkutano ni wewe tu wa kumimina chai, basi elewa kwamba unadharauliwa.

Ufanye nini?

Kwanza, maliza hoja yako. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kuwa mwanamke mwenye adabu hajibizani na wanaume, hasa waliomzidi umri. Adabu ni njema, lakini heshima si utumwa. Ukikatwa kauli, usinyamaze na wala usipaze sauti. Sema kwa upole: "Mzee, nitakusikiliza, lakini niruhusu kwanza nimalize." Mnamo Oktoba 7, 2020, katika mdahalo wa wagombea wa umakamu wa rais nchini Marekani, Kamala Harris alimkumbusha Mike Pence kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Hakutukana, hakufoka, akaendelea na hoja yake.

Pili, usijidunishe mwenyewe. Ukianza kwa kusema, "Samahani, labda nimekosea, lakini..." umeshawapa ruhusa ya kutokusikiliza. Anza na hoja yenyewe, na uwe na takwimu zako mkononi.

Tatu, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtumie mkubwa wako wazo lako kwa barua pepe kabla ya mkutano, na uombe jina lako liandikwe katika kumbukumbu. Mtu akilidandia wazo hilo, sema kwa tabasamu: "Nashukuru kwamba umeliunga mkono wazo nililolitoa awali. Hebu niongeze jambo moja."

Nne, shikaneni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wanawake waliofanya kazi katika Ikulu ya Marekani chini ya Rais Barack Obama walikuwa na mbinu moja rahisi. Mmoja akitoa hoja, mwingine aliirudia na kumtaja mwenyewe kwa jina, hata ikawa vigumu kwa mtu mwingine kuinyakua. Mbinu hii haigharimu hata shilingi moja, na yafaa katika mkutano wa walimu kama ifaavyo katika kamati ya SACCO.

Tano, kuhusu chai na kuandika kumbukumbu, pendekeza zamu. Hakuna aliyesomea kumimina chai.

Sheria yasemaje?

Kukatwa kauli peke yake huenda kusikufikishe mahakamani. Hata hivyo, dharau ikizaa ubaguzi, sheria iko upande wako. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa kwa usawa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia katika kuajiri, mafunzo, kupandisha cheo na malipo. Aidha, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kimapenzi. Iulizie. Basi weka tarehe na maneno yaliyosemwa katika daftari. Huo ndio ushahidi wako.

Mfano ni Profesa Wangari Maathai. Alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park mwaka wa 1989, wabunge walimkebehi wakidai kundi lake ni la wanawake walioachwa na waume zao. Badala ya kurudisha matusi, aliendelea kuandika barua na kueleza hoja zake. Jumba hilo halikujengwa, na mwaka wa 2004 akatuzwa Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata.

Nawe dada uliyekwisha kupanda cheo, jichunguze pia. Je, karani wako humaliza sentensi mbele yako? Ni aibu kuipita njia yenye miiba kisha kuipandia miiba mingine nyuma yako.

Kesho ni Jumatatu. Ikiwa mna mkutano, usiketi karibu na mlango. Keti pale mwenyekiti anapoweza kukuona, utoe hoja moja uliyoitayarisha leo jioni, na uimalize.